Mbuzi Waliopenda Dawa Yetu

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya kisigino. Nilikuwa msichana wa Kanamkemer aliyetoka chuoni na cheti cha ufundi wa maji, na nilitaka Lodwar nzima ijue. Mchanga wa Lodwar haukujali cheti changu. Nilipofika ofisini, Afisa wa Maji wa Wilaya, mzee wa Pwani mwenye sauti ya taratibu, aliviangalia vile viatu, akanipa chupa tupu na kunituma mto Turkwel nikachote sampuli. Nilirudi nimeshika viatu mkono mmoja na chupa mkono wa pili, nyayo zinawaka, na ofisi yote ikacheka. Nami nikacheka, kwa sababu kununa kwenye jua lile ni kujiongezea kiu bure.

Afisa aliipokea chupa, akaitazama kwenye mwanga, akauliza kama niligusa mdomo wake kwa vidole. Nikakubali kwamba niligusa. Akaimwaga yote nje mlangoni, pale pale, mbele yangu.

"Binti," akasema, "sampuli ni shahidi. Ukimshika vibaya njiani, akifika mahakamani atasema maneno yako, si yake."

Nikarudi mtoni, safari hii pekupeku tangu mwanzo. Kwake nilijifunza kwamba chupa haifunguliwi mpaka ufike majini, kwamba ukitafuta mafuta au petroli unaijaza hadi juu kabisa ili isibaki hewa ya kuyaiba, na kwamba lazima isafiri ndani ya kasha la barafu hadi maabara. Barafu Lodwar ya siku zile ilikuwa adimu kuliko kupandishwa cheo. Tulikuwa tunaibembeleza kwa wenye hoteli, na nilijua majina ya watoto wa kila mwenye friji mjini.

Baadaye nikahamishiwa Kaaleng, kule kaskazini, chini ya Msimamizi wa Uchimbaji, mtu mfupi, mkali, mwenye moyo wa mkate. Yeye hakuamini vitabu. Kila udongo uliotoka chini na mashine alitaka tuushike, tuusugue, tuuviringe kati ya vidole. Ukijiviringa kama kamba ni mfinyanzi. Ukimwagika ni mchanga. Alikuwa akituambia kwamba mchanga hupitisha na mfinyanzi hushika, na kwamba fundi asiyejua tofauti hiyo arudi nyumbani akauze mkaa. Nilikaa Kaaleng miaka mingi, nikaolewa huko, nikazaa huko, na vidole vyangu vikawa na akili kuliko kichwa.

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii leo mnakuta kila kitu kwenye simu. Hamna kosa. Lakini mnaniuliza ilikuwaje mtu wa visima akaishia kwenye mambo ya kusafisha udongo kwa kemikali, na jibu lake ni Mhandisi wa Mazingira.

Huyu alikuja zama za kaunti, mtu wa Taita, mrefu, mpole, msafi wa lugha, mwenye kofia pana ambayo upepo uliichukua kila siku naye akaikimbilia kila siku. Alihitaji mtu anayejua udongo wa Turkana, wakamwelekeza kwangu. Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kwenye gereji moja ya zamani, karibu na barabara iendayo Nadapal. Mafundi wa hapo walikuwa wameosha vyuma kwa miaka na dawa ya kuondolea grisi, wakaimwaga nyuma ya ukuta. Dawa ile ni nzito kuliko maji, hivyo ilizama hadi kwenye maji ya chini ya ardhi, ikakaa huko imetulia kama mpangaji asiyelipa.

Mhandisi ndiye aliyenifundisha uoksidishaji. Neno refu, lakini kitu chenyewe mnakijua. Kuni zikiungua, hewa ya oksijeni inazila. Chuma kikishika kutu, ni oksijeni ile ile inakila, polepole. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto; sisi tuligundua kwamba dawa ya mafuta pia ni moto, ila moto usio na mwali. Unachukua kemikali iliyobeba oksijeni nyingi, unaichanganya na maji, unaisukuma ardhini kwa mabomba membamba, nayo inakutana na uchafu na kuuvunja vipande vipande mpaka ubaki maji, hewa ya kaboni na chumvi kidogo. Hakuna kuchimba kilima kizima cha udongo na kukibeba kwenda kumtupia mtu mwingine.

Pale gerejini tulitumia permanganeti, ile ya rangi ya zambarau ambayo bibi zenu walioshea vidonda. Rangi ile ni rafiki mzuri wa fundi, kwa kuwa inakuonyesha dawa imefika wapi: ukivuta maji kwenye bomba la kupimia yakaja zambarau, imefika na bado ina nguvu, yakija hayana rangi, imeshaliwa. Nilirudi nyumbani na mikono ya zambarau, na mume wangu akaniuliza kama nimejiunga na kanisa jipya.

Kisha ikaja kazi ya Kakuma, ambayo ndiyo hasa nimekaa kuiandika.

Pale Kakuma, kando ya laga ya Tarach, mto wa mchanga unaojaa wakati wa mvua tu, kulikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa kwenye mpaka wa maboma ya Waturkana na mitaa ya wakimbizi. Pande zote mbili zilichota hapo. Mwenyekiti wa kamati ya kisima alikuwa mama mmoja Mturkana anayeitwa Akiru, rika langu, mwembamba, shanga shingoni mpaka kidevuni, ulimi kama wembe. Msaidizi wake alikuwa Nyandeng, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, aliyekuwa na kibanda cha chai hatua chache kutoka kwenye mfereji. Wawili hao walikuwa wakigombana kuanzia asubuhi hadi jioni kuhusu nani apange foleni, na Mungu amsaidie mtu wa tatu aliyejaribu kuwaamulia.

Nyandeng ndiye aliyegundua. Wateja walianza kurudisha chai. Akabadilisha majani, akabadilisha sufuria, chai ikaendelea kunuka petroli. Tulipofika na chupa zetu hatukuhitaji maabara kujua kuna nini, ingawa tulipeleka. Zamani mfanyabiashara mmoja aliuza mafuta karibu na hapo, akafukia tangi ardhini, akahama, na hakuna aliyejua tena kwamba liko. Lilikuwa limeoza kwa kutu. Petroli ilikuwa imevuja kupitia mchanga hadi majini, na ndani ya petroli kuna benzini, kemikali ambayo hata ikiwa kidogo sana huharibu damu ya mtu taratibu.

Kisima kikafungwa mnyororo. Watu wakaenda kubanana kwenye mifereji mingine, na ugomvi ukaanza: ndoo zikapigwa teke, kijana mmoja akapasuliwa kichwa. Mkurugenzi wa Maji wa Kaunti akaja. Alikuwa mtu wa suruali yenye pasi na maneno machache. Alitusikiliza, kisha akasema anatupa nafasi mpaka mvua ndefu. Mvua ikianza na maji hayajathibitishwa kuwa safi, kisima kitajazwa zege na kusahauliwa, kwa sababu hakutaka mafuriko ya Tarach yausambaze uchafu na lawama zimfikie yeye.

Akiru alikuwa amesimama kando, mikono nyuma. Alimngoja Mkurugenzi aingie garini ndipo akanigeukia.

"Wakifunga hii kisima na simiti, sisi tutaenda wapi?" akaniuliza. "Wa hapa wataenda huku, wa kambi wataenda kule. Tutakuwa tunakutana na mawe tu."

Nilijua anasema kweli, na niliogopa.

Tulifukua tangi na udongo mbaya uliolizunguka. Kwa ule uliobaki chini, permanganeti isingefaa, maana benzini haiitikii vizuri. Mhandisi alichagua pasulfeti ya sodiamu, unga mweupe unaofanana na chumvi ya mezani. Haipendi kuguswa: huchoma ngozi, na ukiiacha ilale juu ya matambara yenye mafuta inaweza kuwasha moto, kwa hiyo glavu na miwani ya kinga havikutoka mwilini. Peke yake ni mvivu. Huhitaji kuamshwa, na kitu kimojawapo kinachoiamsha ni joto. Kwa mara ya kwanza maishani nikamsikia mtu wa ofisini akilisifu jua la Turkana. Maji ya chini ya Kakuma tayari ni ya vuguvugu, na Mhandisi akaongeza ujanja: tulitandaza mabomba meusi juu ya mchanga, mizunguko kwa mizunguko, dawa ikapita humo kabla ya kuingia ardhini. Adhuhuri hungeweza kuyawekea kiganja. Nchi za baridi watu wanalipia umeme kwa jambo hilo.

Tulisukuma dawa, tukasubiri, tukaanza kupima. Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Kabla ya kuchukua sampuli kwenye bomba la kupimia, unayatoa kwanza maji yaliyolala ndani yake, upate yale mapya yanayotoka ardhini. Yale ya kwanza hatukuyamwaga ovyo. Tuliyaweka kwenye bwawa dogo lililotandikwa turubai, jua liyakaushe. Na pasulfeti ikishafanya kazi yake hugeuka salfeti, ambayo ni chumvi. Bwawa likaanza kuota ukoko mweupe ukingoni.

Mbuzi mmoja akapita, akalamba.

Ambaye hajafuga Turkana hawezi kuelewa. Mnyama wa huku huota chumvi usingizini. Wachungaji hutembea siku nyingi kupeleka mifugo mahali penye maji ya magadi, wakiamini, na kwa haki, kwamba humnenepesha na kumsafisha tumbo. Habari ikasambaa kwamba serikali imetoboa maji ya chumvi Kakuma, tena ya bure. Baada ya muda mfupi nilifika kazini asubuhi nikakuta mbuzi wamejaa mpaka sikuona turubai. Nyuma yao alisimama Apa Lokwawi, mzee mwenye mifugo mingi upande ule. Apa ni kama kusema baba mkubwa, na hakuna aliyethubutu kumwita vingine.

Tukasalimiana ejok kwa ejok, kama inavyopasa. Nikamweleza kwa heshima kwamba maji yale bado yana sumu ya petroli, na kwamba chumvi ile ikizidi itawaharisha mbuzi wake mpaka wadondoke. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mbuzi haiwezi danganya," akasema. "Mbuzi ikikataa maji, hata mimi nakataa. Lakini ikipenda, wewe ni nani useme hapana?"

Nilirudi kwa Mhandisi. Ofisi ikafanya yale ambayo ofisi hufanya. Walituletea utepe wa njano ulioandikwa HATARI tukauzungusha pande zote, na mbuzi wakaula. Tukasimika ubao wenye fuvu, watoto wa boma wakaufanya shabaha ya kurushia mawe. Tukaweka mlinzi, lakini alikuwa mjukuu wa Apa Lokwawi, sasa angemfukuza babu yake kwa mdomo gani? Mkurugenzi alipopita ghafla akakuta hali ile, hakupandisha sauti. Alisema mnyama mmoja akifa hapo, au mtu mmoja akinywa, siku hiyo hiyo analeta simiti bila kungoja mvua.

Kwa hiyo benzini haikuwa adui yetu mkubwa tena. Adui alikuwa na ndevu na kengele shingoni.

Jioni ile Akiru alinijia akiwa na panga. Sitasema sikushtuka.

"Dada, wewe ni Mturkana ama ni wa ofisi?"

Nikamwambia vyote viwili. Akasonya. Akaonyesha panga kwenye safu ya mabomba yetu ya kupimia.

"Nani alichimba hizi mashimo? Ni wewe. Basi ni yako. Weka miiba."

Desturi ilikuwa pale pale mbele yangu siku zote, nami nilikuwa nimeiacha nyumbani pamoja na sketi ya mama yangu. Kwenye laga, wakati wa kiangazi, mtu akichimba kisima mchangani hukizungushia matawi ya mgunga. Miiba ile haimzuii mnyama mwenye nguvu. Ngamia anaiona kama mchezo. Kazi yake ni kusema kwamba kisima kina mwenyewe. Na kisima chenye mwenyewe, hata mchungaji awe na kiu ya kufa, hanyweshi mpaka aombe. Lakini desturi hiyo ina upande wa pili: mwenye kisima hawezi kumnyima maji anayeomba, na lazima aonekane pale. Miiba isiyo na mtu ni kuni tu.

Tulikata matawi mimi, Akiru na Nyandeng, tukazungushia kisima, mabomba na bwawa lote. Nyandeng alichomwa miiba kila mahali, akatutukana kwa Kiarabu cha Juba, akaendelea kukata. Kesho yake nikaenda kwa Mhandisi kumweleza. Alivua kofia.

"Kwa hiyo unaniambia," akasema, "kwamba mali ya umma imezungushiwa miiba kwa jina lako?"

"Ndiyo, Mhandisi."

"Na wakikuomba maji utawapa yapi, ilhali haya hayanyweki?"

Alinikamata. Nilikuwa nimefikiria nusu ya desturi na kusahau nusu nyingine. Akatembea kidogo, akatazama boza letu, lori la tangi lililokuwa likituletea maji safi ya kuchanganyia dawa, akasema kuanzia kesho boza litakuja limejaa zaidi, na yatakayobaki ni ya mwenye kisima.

Nikakalia kigoda mlangoni mwa miiba, na glavu zangu na miwani yangu. Apa Lokwawi alikuja mbele ya kundi lake. Mbuzi walitaka kuruka. Akawapigia mluzi wakasimama. Aliitazama ile miiba, akanitazama mimi, akauliza miiba ni ya nani. Nikamwambia ni yangu, mimi niliyechimba. Akakaa chini palepale, akaegemea fimbo yake, akaomba maji. Nikafungua boza, nikamjazia birika lake la mifugo. Mbuzi wakayanywa kwa huzuni. Alionja kwa kiganja, akaniambia maji yangu hayana ladha kabisa, lakini kisima ni changu na hanilaumu.

Hakuna mbuzi aliyevuka tena. Wachungaji walikuja, wakaomba, wakapewa, wakakaa. Kwa kuwa walikaa, Nyandeng akasogeza kibanda chake. Kwa kuwa Nyandeng alisogeza kibanda, Akiru naye akahamia pale kumsimamia, na wasichana wa kambini wakaja kusuka nywele kwenye kivuli cha boza. Kisima kilichofungwa kikawa na watu kuliko siku kilipokuwa wazi. Nimefanya kazi sehemu nyingi, na sijawahi kucheka nikiwa kazini kama msimu ule.

Majibu ya maabara yalikuja mazuri. Benzini ilikuwa imeshuka karibu yote. Tukapongezana, Mhandisi akanunua mbuzi, tukala. Majibu ya mara ya pili yakaja na benzini imepanda tena. Mhandisi alikaa juu ya ndoo, kofia mapajani, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba anaweza kuchoka. Nikachukua udongo tuliotoboa upande wa laga, nikauviringa vidoleni. Ukawa kamba. Kulikuwa na ulimi wa mfinyanzi pale chini, nao ulikuwa umeshika petroli na kuiachia kidogo kidogo kila dawa ilipopita. Yeye alilijua jambo hilo vitabuni na alikuwa na jina lake. Mimi nikamwonyesha mahali lilipo. Tukatoboa upya ndani ya ule mfinyanzi, tukasukuma dawa polepole sana, kwa shinikizo dogo, ili ipenye badala ya kupasua. Tukaongeza kipimo, kwa kuwa maji yetu yana magadi, na magadi nayo hula nguvu ya dawa.

Mawingu yakaanza kukusanyika upande wa Uganda.

Asubuhi moja Mkurugenzi akafika na lori la simiti. Majibu ya mwisho tulikuwa nayo: benzini haikuonekana, na mara iliyotangulia pia haikuonekana. Lakini salfeti ilikuwa juu mno kwa mtu kunywa. Mhandisi alimweleza kwa utulivu kwamba petroli imekwisha, kilichobaki ni chumvi tupu, na chumvi huondolewa na maji. Tarach ikishuka itaiosha.

"Na isiposhuka?" Mkurugenzi akauliza.

"Simiti itakuwa bado iko hapa, bwana Mkurugenzi."

Mkurugenzi alisema aliahidi mpaka mvua na mvua ndiyo hiyo inakuja. Akaamuru mifuko ishushwe. Ikashushwa, ikapangwa kando ya miiba. Ndipo Akiru akaenda akakaa juu ya mifuko. Nyandeng akakaa karibu yake. Wanawake wengine wa pande zote mbili wakaja mmoja mmoja, wakajipanga kama kanisani, wakanyoosha miguu. Hakuna aliyepiga kelele. Nyandeng alimpa Mkurugenzi chai, naye kwa adabu ilimbidi aipokee, na chai ya moto hainyweki haraka.

Tone la kwanza lilimwangukia Mkurugenzi begani. Baada ya hapo halikuwa tone. Ilikuwa mvua ya Turkana, inayokuja kama ina deni na nchi hii. Sote tukakimbilia chini ya boza na lori, Mkurugenzi na suruali yake ya pasi amebanana kati ya Apa Lokwawi na beberu. Tarach ikashuka ikinguruma, kahawia, imebeba magogo. Hakuna aliyekumbuka kufunika simiti. Ilinyeshewa mpaka ikaganda ndani ya mifuko yake, ikawa mawe. Mkurugenzi aliitazama muda mrefu, kisha mtu yule wa maneno machache akacheka mpaka akashika mbavu. Akasema tupime tena mto ukitulia, na yeye atasubiri.

Tulipima, tukapima tena. Maji yalikuwa matamu.

Siku ya kufungua, nilitakiwa kuondoa miiba kwa mikono yangu na kunywa wa kwanza, maana hivyo ndivyo mwenye kisima afanyavyo. Nilikunywa kikombe kizima, na sioni aibu kusema nililia humo humo kikombeni. Akanywa Akiru, akanywa Nyandeng, wakaanza kugombana kuhusu foleni kabla sijafuta mdomo. Mbuzi wa Apa Lokwawi waliletwa kwenye hori. Walinusa, wakalamba, wakatutazama kama watu waliodhulumiwa.

"Umeharibu," mzee akaniambia, naye anatabasamu. "Sasa imekuwa ya watu."

Mwaka uliofuata nilistaafu. Mifuko ile ya mawe ipo bado, ndiyo mabenchi ya foleni. Ninakaa Kanamkemer, nina duka dogo, na asubuhi nawaangalia vijana wa bodaboda wakiwapeleka mafundi wapya mjini, wengine wamevaa viatu vizuri sana. Mkinitafuta nitawaambia niliyoyaandika hapa: jifunzeni kemia, maana bila kemia ya Mhandisi yule tungekuwa tunaiombea petroli itoke. Shikeni udongo. Na mkiona watu hawatii ubao wenu, msikimbilie kusema ni wajinga. Ulizeni kwanza wao huandikia nini.

Juzi simu ililia. Alikuwa Akiru, kutoka Kakuma. Binti wa Nyandeng alikuwa amejifungua, wanataka maji ya kumwogeshea mtoto, na Nyandeng amekataa yasichotwe mpaka mwenyewe aombwe. Nikamwambia wachote, wachote na kesho, wachote siku zote, mimi nimeshastaafu, wasihangaike tena kunipigia.

"Hapana," akasema Akiru. "Tutaomba kila mara. Ile tangi ya petroli haikuwa na mwenyewe."

Kisha nikamuuliza mtoto ni wa kike au wa kiume, akasema ni wa kike, nikampa maji.